Namna ya kuukagua mji kabla hujahamia: joto, sehemu za kupumzikia nje na majanga

Watu wengi wakitaka kuhama wanafungua simu, wanaona wastani wa joto mzuri na picha mbili tatu za bustani, basi washaanza kufunga mizigo. Mimi kazi yangu ni kuwakagulia watu sehemu za kuishi na wastani ndo kitu cha kwanza nakiweka pembeni. Chukua San Francisco na St. Louis kule Marekani, wastani wao wa mwaka unakaribiana, kama nyuzi 14 hivi, ila San Francisco ni sweta jepesi karibu mwaka mzima na St. Louis Januari ni barafu, Julai unaoga jasho. Karatasi inasema mapacha.

Hatua ya 1. Jiandike wewe mwenyewe. Unatoka saa ngapi, unatembea au unaendesha, unakimbia, una mtoto mdogo, mzee, mtu mwenye pumu? Dakika tano tu, ila ukiiruka utaishia kuchagua mji unaomfaa mtu mwingine.

Hatua ya 2. Joto. Tafuta takwimu za mwezi kwa mwezi za miaka 30, kwa sasa wataalamu wanatumia 1991 mpaka 2020, usichukue za mwaka mmoja maana ukiangukia mwaka wa El Niño umeshadanganyika. Halafu ruka joto la mchana, nenda kwenye joto la chini kabisa la usiku katika mwezi mbaya kuliko yote. Mwili unajirekebisha usiku, usiku usipopoa joto la jana linakukuta bado hujapumzika. Chicago Julai 1995 walikufa watu zaidi ya 700 kwa joto la siku chache tu, wengi wazee wanaoishi peke yao, na usiku haukuwapa nafuu kwa sababu zege na lami vinatunza joto la mchana vinalirudisha gizani.

Angalia na unyevu, lakini sio ile asilimia, ile inapanda na kushuka siku nzima inachanganya. Tafuta kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa mpaka hapo umande unaanza kutengenezeka. Chini ya 16 unajisikia vizuri, ukivuka 24 jasho linakauka kwa shida na mwili unachelewa kupoa hata ukae kivulini. Ndo maana nyuzi 32 za pwani zinaweza kukuchosha kuliko 38 za jangwani. Kama mji uko juu hesabu inabadilika, kila ukipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu, Quito, mji mkuu wa Ecuador, iko karibu kabisa na mstari wa ikweta lakini kwa vile iko mita 2850 hivi usiku unataka blanketi.

Hatua ya 3. Mvua, na hapa usihesabu milimita peke yake. Seattle kule Marekani ina sifa ya mvua dunia nzima ila kwa mwaka New York inapata maji mengi kuliko yenyewe, tofauti ni kwamba Seattle inanyunyiza siku nyingi na mawingu hayaondoki, New York inamwaga kwa mkupuo inaacha. Anayekimbia asubuhi anataka siku chache za mvua, anayehofia mafuriko anataka kujua inashuka kiasi gani kwa saa moja.

Hatua ya 4. Kutoka nje. Msitu mzuri ulioko mwendo wa saa mbili kwa gari sio wa kwako, ni wa sikukuu. Mtaalamu mmoja wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, ana kipimo rahisi cha 3-30-300: dirishani uone miti 3, mtaa uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na bustani isizidi mita 300 kutoka mlangoni. Mimi naongeza langu, naenda pale saa nane mchana na narudi saa mbili usiku, nikikuta wanawake na watoto hawapo saa zote mbili najua kuna kitu ramani haijasema. Angalia na hewa, WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2021 inataka vumbi lile laini la PM2.5 lisizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa mwaka, miji mingi imepita hapo mbali sana, kwahiyo linganisha mitaa na uangalie miezi ya moshi, usisubiri mji msafi kabisa.

Hatua ya 5. Majanga, na hapa kaa muda mrefu. Anza na maji. Wakikwambia hilo ni "furiko la miaka 100" usidhani likija limeshamaliza zamu yake, maana yake kila mwaka kuna nafasi ya asilimia 1, ukikaa hapo miaka 30 inakuwa kama asilimia 26, yaani karibu mara moja kati ya nne. Angalia na juu ya mto, sio chini tu: Derna kule Libya mwaka 2023 mabwawa mawili yalipasuka juu ya mji usiku na maji yakabeba mitaa mizima. Mimi mwenyewe nishawahi kuisifia nyumba niliyoikagua kiangazi, nzuri, upepo safi, mpaka fundi rangi akanionyesha mstari wa matope nyuma ya kabati, usawa wa kiuno. Tangu siku ile nasogeza makabati.

Tetemeko, uliza udongo kwanza. Mexico City mwaka 1985 kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 mbali, ila sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya ziwa la zamani, udongo laini ukayakuza mawimbi na majengo yakalala. Halafu uliza jengo. Mwaka 2010 tetemeko la Chile lilikuwa la ukubwa wa 8.8 na la Haiti 7.0, yaani la Chile liliachia nguvu kama mara 500 zaidi, lakini Chile walikufa kama 500 na Haiti zaidi ya laki moja, hapo kwa sehemu kubwa ni nondo, saruji na ukaguzi. Mwisho hesabu barabara za kutokea, mji wa Paradise kule California mwaka 2018 moto ulikuja na upepo, njia za kutoka chache, foleni, watu 85 wakafa.

Hatua ya 6. Uamuzi, na usijumlishe alama. Naona watu wanachora jedwali, hewa 8, bustani 9, mafuriko 2, wanagawanya kwa tatu wanafurahi. Bustani haizuii maji kuingia chumbani. Majanga ni geti, mtaa usipopita hapo unaufuta kabla hujagusa hayo mengine, na unafuta mtaa, sio mji mzima, mara nyingi kupanda mita kumi tu juu ya kijito kunatosha. Iliyobaki ipange kwa joto la usiku, halafu kwa umbali wa kutembea. Mitaa miwili ya mwisho katembelee ule mwezi mbaya uliouona hatua ya 2, lala humo siku tatu bila feni wala hita.