Albatrosi wa Galápagos amenasa ndoana: jinsi ya kumtoa akiwa hai

Ndege huyu huzaa karibu wote katika kisiwa kimoja tu cha Galápagos, Española, nchini Ekwado. Chakula hukifuata hadi pwani ya Peru, na huko ndiko anakokumbana na majarife (nyavu za kunasia samaki) na zulumati (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) za mashua ndogo. Jozi hutaga yai moja kwa msimu, na kinda hulishwa na wazazi wote wawili. Mzazi mmoja akifa wakati wa kulea, kinda naye huwa hatarini kufa njaa.

Akinasa, punguza mwendo na legeza mshipi. Usimpandishe kwa kuuvuta mshipi, maana kilo zake 3 au 4 zitaning'inia kwenye ndoana na nyama itachanika. Mchote kwa wavu wenye mpini. Muwe wawili, wenye glavu na miwani, kwani mdomo wake una ncha iliyopinda na hulenga macho.

Mmoja amkunje mabawa kama yanavyojikunja yenyewe, bila kumkandamiza kifua, maana atashindwa kupumua. Kisha amshike kichwa kwa nyuma na kuufunga mdomo, asizibe matundu ya pua yaliyo pande mbili za mdomo. Ndege akitaka kutapika, mshikaji auachie mdomo mara moja, la sivyo atapaliwa.

Ndoana iliyoingia bawani, mguuni au mdomoni isukumwe mbele mpaka kijino (kile kincha kinachozuia ndoana kurudi nyuma) kitokeze, kikatwe kwa mkasi wa kukatia chuma, ndipo shina lirudishwe nyuma. Wengi huivuta ilikotoka kwa haraka, nayo hutoka na kipande cha nyama. Iliyomezwa isiyoonekana iacheni humo humo. Kateni mshipi karibu na ndoana kadiri mnavyoweza, kwa sababu kipande kirefu kinachobaki kitamnasa tena.

Mweke kivulini, mahali pakavu pasipo mafuta, bila chakula wala maji. Manyoya yaliyolowa huchukua muda, hata saa kadhaa, kukauka. Akisimama, akainua kichwa na kugeukia sauti, yuko tayari. Simamisheni mashua mbali na mitego, mshusheni taratibu majini. Msimrushe.

Kinga ni rahisi kuliko haya yote: chubwi la gramu 60 ndani ya mita 1 kutoka ndoana huzamisha chambo upesi. Tegeni usiku, ingawa penye mbalamwezi kali ndege bado huona chambo. Matumbo ya samaki yasimwagwe wakati wa kutega wala kuvuta.