Jinsi ya kufaidika na mkutano wa nyumba na ardhi Unguja

Mkutano wa wafanyabiashara wa nyumba na ardhi huchukua siku moja au mbili, lakini kazi yake huanza wiki mbili kabla na huendelea kama siku kumi baada ya viti kukusanywa. Anayelipa kiingilio akakaa safu ya nyuma kusikiliza mada mpaka jioni hurudi nyumbani na mkoba wa vipeperushi. Kinachofuatwa pale ni watu watatu au wanne ambao kesho yake ukiwapigia simu watapokea, na watakumbuka wewe ni nani.

Anza kwa kuandika haja yako kwa sentensi moja. Ukisema "nataka kuwekeza", unayezungumza naye hana pa kukushika. Ukisema "natafuta nyumba ya vyumba vitatu ya kukodi mwaka mzima, baina ya Kiembesamaki na Mbweni", dalali ataanza kuhesabu nyumba kichwani kabla hujamaliza. Mwenye kiwanja aseme kiko shehia gani (eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha), kina ukubwa gani, kina karatasi gani. Fundi mkuu aseme anajenga nini na kazi yake ya mwisho inaonekana wapi.

Kisha waombe waandaaji ratiba na majina ya wazungumzaji. Wengi hutoa ukiuliza mapema. Chagua watu watano, wasizidi: labda ofisa wa Kamisheni ya Ardhi, mmoja wa ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, ikiwa mradi wako una mgeni wa nchi nyengine ndani yake, mpima wa ardhi au mthamini (anayekadiria thamani ya mali), mjenzi, na mtu wa benki (kama hutaki riba, mtafute wa dirisha la Kiislamu). Kwa kila mmoja andika suala moja ambalo yeye ndiye mwenye jibu lake. Usimuulize mthamini bei ya viwanja vya Paje. Muulize anatumia mauzo gani kulinganisha pahala ambapo watu wengi huuziana kwa karatasi za mkononi. Suala la namna hiyo humfanya ageuze kiti akutazame.

Vitu vya kubeba ni vichache: kadi 40, kalamu mbili, daftari dogo la mfukoni, simu iliyojaa chaji, na ukurasa mmoja wa maelezo ya mradi wako uliohifadhiwa kwenye simu, mwepesi wa kutumwa kwa WhatsApp hata mtandao ukiwa mzito. Hati asili ibaki nyumbani. Hata nakala yake usiigawe ukumbini, maana hujui jioni itakuwa mikononi mwa nani.

Jambo moja la kujiandaa nalo hasa ni sheria, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Ardhi si jambo la Muungano. Mzungumzaji akitaja Sheria ya Ardhi ya 1999, anazungumzia Bara. Huku inayotawala ni Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992, na ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar. Unachopata wewe ni haki ya matumizi. Mgeni hamiliki ardhi: hukodishwa kwa mradi uliopitia ZIPA, au hununua fleti chini ya Sheria ya Kondominio ya 2010, ile ya majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe. Mtu anayemwahidi mgeni "kiwanja chako mwenyewe Nungwi" ama hajui kazi, ama anajua na anakusudia. Muage kwa adabu, endelea na wengine.

Siku yenyewe, angalia saa vizuri. Mwaliko ulioandikwa 9:00 ni saa tatu asubuhi, na kila mkutano hukosa watu wawili watatu waliosoma vyengine. Fika saa mbili na nusu. Nusu saa ile ya kuandikishwa na kuvaa beji ndiyo yenye faida kuliko zote: wazungumzaji wamekaa bure, hawajazungukwa, na chai iko moto. Ukisubiri mpaka mtu ashuke jukwaani utamkuta na foleni ya watu kumi, naye anatafuta pa kupita. Siku ya Ijumaa hesabu kwamba ukumbi utapukutika tangu saa sita, na watu wengi hawarudi baada ya sala. Maliza mazungumzo yako muhimu asubuhi.

Usiende moja kwa moja kwenye biashara. Salamu ikamilike, uulize hali, ndipo ujitambulishe. Mzee muamkie kama unavyomuamkia mzee popote, hata kama beji yake inasema mkurugenzi. Mwanamume asimnyooshee mwanamke mkono. Aweke wake kifuani, na mwanamke mwenyewe akinyoosha basi ampe. Kisha sema sentensi yako:

"Assalaam alaykum, Bwana Mkurugenzi. Naitwa fulani, najenga nyumba za kukodisha Fumba. Nina suala moja kuhusu muda wa ukodishaji, halitakuchukulia dakika mbili."

Ukiahidi dakika mbili, ziwe mbili. Uliza, sikiliza, omba namba, ondoka. Kumshikilia mtu robo saa mbele ya meza ya sambusa ndiko kunakomfanya asipokee simu yako baadaye. Na ukipewa kadi, geuza mgongo wake papo hapo uandike mambo matatu: mmeonana wapi, ameahidi nini, lini. Kwa mfano: "meza ya chai, atanitajia mpima wa Kaskazini A, Jumatatu". Kadi isiyoandikwa kitu, baada ya siku tatu ni karatasi tu. Hutakumbuka sura wala maneno.

Kosa la kawaida kabisa ni kukaa na watu uliokuja nao. Mkija wanne kutoka ofisi moja, au kikundi kilichovuka pamoja kutoka Pemba, gawaneni meza wakati wa chakula na mkutane jioni kulinganisha madaftari. Mtapata mara nne ya alichopata mmoja.

Sasa kuhusu kununua, maana kwenye mikutano hii lazima utauziwa kitu. Picha za kompyuta hupendeza, bwawa la samawati, minazi imepangwa mstari. Ukisimama kwenye meza ya mradi ambao haujajengwa, uliza: jina la nani liko kwenye hati au mkataba wa kukodi ardhi, na miaka mingapi imebaki? Kibali cha ujenzi kimetoka? Malipo yanafuata hatua ya ujenzi au tarehe tu? Ada ya matunzo ya kila mwezi ni kiasi gani na nani anaweza kuipandisha? Maji yanatoka wapi? Hili la mwisho watu hulipita, na pwani ya mashariki kisima kilichochimbwa karibu na bahari mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Kwa umeme, usiridhike kuambiwa "upo". Uliza transfoma iko umbali gani na imebeba nyumba ngapi.

Kwa shamba au kiwanja cha mtu binafsi, masuala ni mengine. Je, ni mali ya mirathi, na warithi wote wamekubali, pamoja na walioko Dar es Salaam, Mombasa au Maskati? Je, ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964? Hizo zina masharti yake na haziuziki kama kiwanja cha kawaida. Na minazi au mikarafuu iliyomo ni ya nani? Kwetu mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye miti mwengine, na muuzaji hasemi mpaka aulizwe. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe ongeza mawili: si mali ya wakfu? Na matengenezo unayoyataka, Mamlaka ya Mji Mkongwe itayakubali? Mji ule ni Urithi wa Dunia tangu 2000, na hata kubadilisha mlango au dirisha kunahitaji ruhusa.

Usitoe pesa ukumbini. Hata kishika nafasi, hata akikwambia bei hii mwisho leo jioni. Karatasi halali leo itakuwa halali wiki ijayo, na ukaguzi unaotakiwa haufanyiki kwenye kochi la hoteli.

Usiku huohuo kabla ya kulala, hamisha kadi zote kwenye daftari na ugawe mafungu mawili: wa kuandikiwa kesho, na wa kuwekwa tu. Fungu la kwanza lisizidi watu sita. Ujumbe uwe mfupi na ukumbushe ahadi:

"Assalaam alaykum Bi. Mthamini, ni mimi tuliyezungumza jana karibu na meza ya chai kuhusu viwanja vya Jambiani. Ulisema utanielekeza kwa mpima. Naomba namba yake ukipata nafasi. Ahsante sana."

Ujumbe wa kwanza uandike. Usitume sauti, kwa sababu aliye kikaoni hawezi kuisikiliza na akitoka ameshasahau. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki, kisha muachie. Wala usimuingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuomba.

Aliyekujibu, mtafutie siku ya kuonana nje ndani ya siku kumi. Ikiwa mnakwenda kuona kiwanja, mpitieni sheha kwanza, mwende na mpima, na muongee na jirani wa kila upande, maana yeye ndiye anayejua mpaka ulipokuwa kabla haujasogezwa. Cha pwani kiendeeni siku ya bamvua, mwezi mpya au mpevu, na mfike maji yakiwa yamejaa. Hapo mtaona bahari inapofika, na kama ile bustani ya kwenye kipeperushi imechorwa mchangani au majini.