Uzio wa pilipili kwa mashamba ya jirani na Hifadhi ya Saadani

Tembo huvamia zaidi mahindi yanapokaribia kukomaa, tena usiku. Uzio uwe tayari kabla ya hapo.

Simika miti mita 5 nje ya mimea, tembo asije akanyoosha mkonga na kuchuma. Funga kamba mbili za katani, moja usawa wa kifua na nyingine juu ya kichwa, na uning'inize vipande vya kanga kuukuu. Katani hunyonya mafuta; kwenye nailoni mchanganyiko huchuruzika wote chini.

Saga kilo 1 ya pilipili kichaa kavu, changanya na lita 4 za oili chafu ya magari, kisha paka kamba na vitambaa. Msagaji afunge pua na mdomo, watoto wakae mbali. Mkono ukiwasha, upake mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni. Maji matupu hayasaidii. Rudia kupaka kila wiki 2 au 3, na baada ya mvua kubwa.

Uzio hushindwa zaidi kwa sababu ya pengo. Tembo atazunguka mpaka alipate, kwa hiyo majirani waungane.

Bado mtu alale dunguni: baba na vijana wakubwa wapokezane, mtoto wa shule abaki nyumbani. Sumu usiweke kabisa. Suratul An'am, aya ya 38, inatuambia wanyama ni umma kama sisi. Tembo akiingia, pigeni madebe kwa mbali, mwachieni njia ya kutokea, na mwiteni askari wa wanyamapori.