Jinsi ya kupanga vitu kwenye Hiace ya kulala familia

Watu wengi wakiiona Hiace yetu hapa Mwanga, Kigoma, wananiuliza kitu kilekile, nyie mnalalaje watu wanne humo ndani na mizigo mnaiweka wapi, na mimi huwa najibu nusunusu nikiwa nawahi sokoni, sasa leo nimekaa niandike yote maana kuna jambo moja nataka lieleweke vizuri na haliwezi kuisha kwa kusimama barabarani.

Kwanza mjue gari yenyewe. Ilikuwa ya abiria, ikachoka, mume wangu akainunua akaifanyia injini, tukatoa siti zote za nyuma tukabakiza za mbele na safu moja ya katikati yenye mikanda. Hiyo safu jamani msiitoe hata kama mnaona inakula nafasi, mtoto asisafiri akiwa amelala nyuma gari ikitembea, mbuzi akikatiza tu barabara mkapiga breki ya ghafla mtoto anarushwa mpaka mbele. Nyuma ya hiyo safu ndio chumba chetu, urefu mita 1 na senti 85, upana mita 1 na nusu. Kitandani tunalala watatu, mimi, baba yao na mdogo wa miaka minne, mkubwa analala juu ya siti ya katikati. Safari yetu kubwa ni ya Urambo kwa bibi yao, tunatoka Kigoma tunapita Uvinza, Nguruka, Kaliua, na kwa sababu ukiwa na watoto unasimamasimama sana tunalala njiani usiku mmoja, tunaomba kwenye yadi ya gesti yenye mlinzi, tunalipia kidogo, choo na bafu tunapata.

Sasa hilo jambo lenyewe. Mwanzoni nilipanga gari kama kabati la nyumbani, nguo na nguo, vyombo na vyombo, dawa na dawa, yani ukiangalia mchana unasema hapa pamependeza. Usiku wa kwanza tumelala Nguruka, saa nane mdogo akaamka mwili unachemka. Dawa ya homa ipo kwenye kiboksi cha dawa, kiboksi kipo chini ya kitanda, kitanda kina watu na godoro zima juu yake. Tukaamsha wote, tukatoa godoro tukalisimamisha nje kwenye umande, mume wangu akawa anamulika kwa simu mimi natoa sufuria, natoa viatu, natoa mfuko wa unga, ndio naifikia chupa ya dawa. Mtoto alinyweshwa akapoa, ila mimi sikulala tena. Nafasi ilikuwepo ya kutosha kabisa, shida ilikuwa kitu cha usiku kukaa mahali pa mchana.

Toka siku hiyo tunapanga kwa saa. Unajiuliza hiki kitu nitakihitaji saa ngapi na wakati huo nitakuwa nimekaa wapi, basi. Kuna vitu vya gari ikiwa inatembea, kuna vitu vya nusu saa ya kwanza mkifika, kuna vitu vya usiku, na kuna vitu ambavyo havifunguliwi kabisa mpaka mfike mnakokwenda. Ukishavigawa hivyo utashangaa kitanda kilekile kinameza mzigo mara mbili, kwa sababu huachi tena nafasi za kupitisha mkono, huko ndani kabisa unashindilia mpaka juu maana hamna wa kupafungua njiani.

Kabla ya kupanga lakini lazima kitanda chenyewe kiwe cha kufunguka. Fundi wa kwanza alitaka kututengenezea kwa mninga, na mninga wa huku kwetu na Tabora kila mtu anajua ni mbao nzuri, ila ni nzito, gari ndogo inabeba kitanda badala ya kubeba familia. Tumetumia fremu ya paini na plaiwudi ya milimita 12 juu. Plaiwudi isiwe kipande kimoja! Ikate vipande vitatu kwa upana, na godoro nalo likatwe vitatu, mtaniambia linaharibika lakini mnapeleka kwa fundi cherehani anashona kava tatu, ukitandika shuka juu husikii kitu. Faida yake ni kwamba unanyanyua kipande kimoja tu, wengine wanaendelea kukaa.

Urefu wa kwenda juu ndio tulikosea vibaya. Tuliweka senti 35 kwa macho tu, tukaona panatosha, alafu tukaenda kununua dumu la maji la lita 20 likagoma kusimama. Tukalilaza. Dumu lililolazwa hata ukibana kifuniko vipi kwenye makorongo linatoa maji kidogokidogo, tulifika Uvinza plaiwudi ya chini imevimba. Kwa hiyo nunua kwanza madumu yako, ndoo zako na sufuria yako kubwa, vipange chini sakafuni nyumbani, pima kirefu kuliko vyote, ongeza vidole viwili, hicho ndio kimo cha kitanda chako. Sisi hatukutaka kunyanyua kitanda tena maana tungekuwa tunakaa tumeinama, tukahamia madumu ya lita 10, mawili, moja kila upande, na hata mtoto mkubwa anaweza kulibeba.

Haya tuanze na nyuma kabisa. Mlango wa nyuma wa Hiace unafunguka kwenda juu kwa hiyo ukiufungua tayari una kibaraza, mvua ndogo hainyeshei, jua halikuchomi. Hapo ndio jiko, kwa hiyo chini ya kitanda upande wa mlango kunakaa vitu vya nusu saa ya kwanza: maji, sufuria, vikombe, unga, chumvi, sukari, majani ya chai, beseni. Tulitengenezewa boksi refu la plaiwudi linavutwa kama droo, halina reli wala nini, chini yake nimesugua mshumaa, linateleza vizuri sana, likianza kugoma unasugua tena. Sufuria nunua zinazoingiana, tatu zinakaa ndani ya moja, na ndani ya ile ndogo kabisa weka vijiko na kisu vikiwa vimeviringishwa kwenye kitambaa cha jikoni, hiyo inazuia kelele pia. Chakula kikavu usikiache kwenye mifuko, kila kitu kwenye kopo la mraba lenye kifuniko, makopo ya duara yanaacha pembe tupu katikati na humu hatuna pembe za kuchezea.

Mtungi wa gesi nauzungumzia peke yake. Tunabeba ule mdogo wa kilo 6, unasimama wima siku zote, kona ya nyuma, umefungwa na mikanda miwili ya mpira, rigulata imetolewa gari ikitembea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, na chini ndio mmelala, kwa hiyo usiku mtungi unatoka nje ya gari unakaa chini ya kibaraza. Na kupika ndani hapana, jiko la mkaa ndani ya gari hapana kabisa hata kama kuna baridi, hewa ya mkaa inaua watu wakiwa usingizini.

Vitu vya usiku vinakaa chini ya siti ya katikati na kwenye ukuta, yani popote mkono wangu unapofika nikiwa nimelala. Dawa, kipimo cha homa, tochi, maji ya kunywa chupa moja, poti ya mtoto, sweta, na chandarua. Chandarua msiseme mtakitafuta mkifika, huku kwetu mbu anaingia jioni kabla hujamaliza kupaki, chetu kimeshikizwa juu kwenye paa kwa kulabu nne, mchana tunakikunja kinalala pembeni ya dirisha kimefungwa na utepe, jioni ni kuvuta tu. Ukutani fundi cherehani alinishonea kipande cha turubai chenye mifuko kumi na mbili, kinaning'inia kwenye vishikio vya paa, kila mfuko una mtu wake. Mswaki wa kila mtu, chaja, kitana, miwani ya baba. Kabla ya hapo chaja ilikuwa inatafutwa kila siku na lawama zinakuwa za watoto.

Nguo. Hapa wengi wanabeba shangazi kaja moja kubwa ya familia, mimi nakataa, hilo begi likishajaa haliingii popote na anayetaka soksi anapekua la wote. Kila mtu ana foronya mbili. Nguo zinaviringishwa kama chapati zinaingia kwenye foronya, unafunga, hiyo ndio mto wako wa kulalia usiku. Foronya ya pili ni ya nguo chafu, inajaa kadiri ya kwanza inavyopungua, ukiona mto umekuwa mwembamba ujue ni siku ya kufua. Nguo tatu za kushindia, moja ya kwenda kanisani au msikitini, kanga mbili kwa mama, maana kanga ni taulo, ni pazia la dirishani, ni shuka la mtoto. Mito ya nyumbani iacheni nyumbani.

Katikati ya kitanda, kule ambako huwezi kufikia kutoka mlango wowote, ndiko kunakaa vitu vya kwa bibi. Na ndiko kunatakiwa kukaa uzito, karibu na ekseli ya nyuma, chini kabisa, na ugawanye kulia na kushoto. Maji lita moja ni kilo moja, mnasahau hilo. Asali inazidi, dumu la lita 20 la asali ya Tabora linakaribia kilo 28, likikaa upande mmoja gari inainama unaiona kwa macho. Juu kwenye keria weka vyepesi vyenye ujazo tu, mkeka, turubai, beseni. Niliwahi kuona Noah imebeba magunia ya karanga juu ya keria, kwenye kona inayumba kama mtu amelewa, nikawaombea tu wafike salama.

Kutoka Kigoma hatuwezi kwenda mikono mitupu, lazima dagaa na mawese, na hivi viwili vitakuharibia gari ukivibeba kizembe. Mawese yana tabia yake, usiku wa baridi yanaganda, unafunga kifuniko unaona pamekaza, mchana jua likipiga yanayeyuka yanakuwa maji na yanatafuta upenyo. Yetu yalitoka yakaingia kwenye godoro, rangi ile ya chungwa haijatoka mpaka leo na nimeshafua na kila sabuni. Siku hizi naweka kipande cha nailoni mdomoni ndio nafunga kifuniko, alafu dumu zima linakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, likivuja linavujia humo. Dagaa wakavu nao ndoo ya kubana, juu ya mfuniko nazungusha mpira wa tyubu. Hivi vipande vya tyubu ya baiskeli wanavyofungia mizigo bodaboda nunueni vingi, ni vya bei ndogo na havina mbadala, vinafunga droo isifunguke mlimani, vinashika mtungi, vinakaza foronya, na nimevipitisha darini kama wavu, hapo juu ya vichwa tunabana mablanketi na mpira wa watoto.

Vitu vya gari ikitembea ni vichache, karanga, maji, mfuko wa kutapikia, wipe, kitabu cha kuchora, vyote kwenye mfuko mmoja nyuma ya siti ya dereva. Sakafu ya hapo katikati mbele ya watoto isiwekwe kitu, hata kiatu. Viatu vina beseni lake, usiku beseni linaingia chini ya gari, vumbi linabaki huko.

Na kuna nafasi moja ambayo ukitoka nyumbani lazima iwe tupu. Sisi ni upande wa kushoto wa kitanda, kama senti 40 kwa 60. Mwanzoni nilikuwa naijaza maana naiona ipo, tukifika Urambo bibi anatoa debe la karanga, asali, mihogo, na kuku mzima amefungwa miguu, na huwezi kumwambia bibi gari imejaa. Tulirudi siku ile watoto wameweka miguu juu ya karanga njia nzima. Sasa hiyo kona naiwekea boksi la karatasi lililokunjwa, likifunguliwa ndio la zawadi, kuku anakaa kwenye tenga mbele ya siti ya abiria kwenye miguu yangu, anapata hewa na mimi namwangalia.

Tukirudi hatulali kabla ya kushusha kila kitu, hata tukifika usiku. Droo inafutwa kwa siki na maji ya moto, vipande vya godoro vinasimamishwa juani kesho yake, mbao za kitanda zinaachwa wazi siku mbili zikauke. Alafu naviangalia vitu kimojakimoja, kile ambacho hakikuguswa safari hii na iliyopita kinaingia ndani ya nyumba, isipokuwa dawa, spana na tochi ya akiba. Safari iliyopita ilitoka pasi, viti viwili vya kukunja na sufuria la ubwabwa wa watu kumi, na pale palipokuwa na viti mkubwa anataka tumwekee begi lake la shule.