Wasiwasi ukikushika na wewe ni mwanamke wa imani, anzia hapa

Dada, kwanza nikutoe mzigo mmoja, kuwa na wasiwasi sio dhambi na wala haimaanishi imani yako imepungua. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kigoma nawaona kinamama wanaoomba usiku kucha moyo utulie, usipotulia wanaanza kujilaumu, sasa badala ya shida moja wana mbili. Yesu mwenyewe pale Gethsemane alisumbuka mpaka jasho lake likawa kama matone ya damu, soma Luka 22, na hakuna anayesema imani yake ilikuwa ndogo.

Kinachotokea mwilini ni hivi. Ubongo ukihisi hatari, mwili unamwaga homoni inayoitwa adrenalini, moyo unaenda mbio, pumzi zinakuwa fupi fupi, tumbo linavurugika, viganja vinalowa. Ukikutana na nyoka shambani hiyo ndo itakuokoa. Ila mwili hauwezi kutofautisha nyoka na wazo la ada ya mtoto, kwa hiyo umekaa zako unachambua mchele ghafla moyo huo, wewe unasema ni presha, jirani anasema umetupiwa kitu.

Chukua mama wa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya ziwa, ambaye mume wake ni mvuvi. Mtumbwi umetoka jioni na taa zake, saa sita usiku upepo unaanza kupiga mabati, anapiga simu haipatikani, anapiga tena haipatikani, ikifika saa nane kichwani mwake ashafika msibani, ashapokea rambirambi, sasa anawaza watoto watalelewa na nani. Asubuhi mume karudi mzima na dagaa zake, yeye ndo hana nguvu hata ya kwenda kuanika.

Sasa ile saa nane ufanye nini? Inuka ukae, miguu iguse sakafu. Vuta hewa kwa pua taratibu ukihesabu mpaka nne, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka sita, yani kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta maana hapo ndo moyo unapunguza mwendo. Endelea dakika kama tano. Ombi liwe fupi humo humo, ukivuta "Bwana", ukitoa "niko mikononi mwako". Maombi ya kukemea kwa sauti yaache kwanza ukiwa umebanwa hivyo, utahema zaidi, kizunguzungu kitakuja na utaogopa mara mbili. Na ujue kwamba shambulio kali la hofu mara nyingi linafika juu kabisa ndani ya dakika kumi hivi alafu linashuka lenyewe, hata kama muda ule unaona kabisa unakufa.

Mchana ndo kazi yenyewe. Chukua daftari uchore mstari katikati, huku andika unachoweza kukifanyia kitu, huku kile ambacho ni cha Mungu tu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi toka 15 Mei mpaka 15 Agosti, kulifungua hakukuwa kwenye uwezo wa muuza dagaa yeyote, lakini kuweka hisa kwenye kikoba mapema au kutafuta kitu kingine cha kuuza miezi hiyo, hicho kipo upande wako na wasiwasi ukikujia unakifanya leo hii hata nusu yake. Upande wa Mungu nao usiombe kwa jumla jumla. Wafilipi 4:6 inasema haja zako zijulikane, na ushukuru pia, kwa hiyo taja, ada ya nani, muhula gani, kiasi gani. Zoezi hili la daftari lifanye jioni kabla ya chakula, ukishafunga daftari yakikurudia kitandani yaambie mpaka kesho jioni.

Mwili nao uutunze. Eliya alipotamani kufa kule jangwani, 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akalala tena. Kama unatetemeka na hulali, kahawa kali ya jioni iache, na mfungo wa kavu siku tatu sio wakati wake, ongea na mchungaji au padri wako ufunge kitu kingine.

Tafuta pia mama mmoja wa kumwambia, mmoja tu, awe wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), kwaya au kikundi cha maombi, ila awe anayejua kufunga mdomo. Ombi lako likitangazwa mbele ya watu thelathini linakuongezea wasiwasi.

Ikizidi wiki kadhaa, huli, hulali, biashara imesimama, nenda hospitali. Pale Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, ulizia huduma ya afya ya akili, na uombe upimwe wingi wa damu, sukari, presha na homoni za tezi ya shingo kwa sababu vyote hivyo vinaweza kuleta moyo kwenda mbio. Mwambie daktari usingizi wako ukoje na kama umejifungua karibuni, hofu ya baada ya uzazi ipo na inatibika. Usijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa, vingine mwili unavizoea haraka sana kuvitoka ni shida. Ukiandikiwa dawa usiziache ghafla kwa sababu umeombewa, rudi kwa daktari akupunguzie. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru usisubiri ibada ya Jumapili, mwambie mtu akupeleke siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.