Kubadilisha viti vilivyochakaa katika pikapu ya zamani

Pikapu za Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 bado zinafanya kazi kila siku Unguja na Pemba, na injini zake zikitunzwa huendelea kuvuta mzigo bila malalamiko. Viti haviwezi kudumu hivyo. Sponji hubonyea upande wa mlango, pale dereva anapoburura mwili kila akipanda na kushuka, kisha kava hufumuka kwenye mshono na mwishowe springi hutokeza. Mwenye gari akifika hapo hukimbilia kutafuta kiti kingine. Ushauri wangu ni kwamba aanze chini ya kiti, kwa sababu katika visiwa vyetu, ambako chumvi imo hewani na pikapu hubeba samaki, mwani na watu waliotoka baharini na nguo mbichi, kazi kubwa mara nyingi imo kwenye bati linalokishika kiti. Kiti kipya kilichofungwa kwenye bati lililoliwa na kutu ni cha hatari zaidi kuliko kiti kilichochanika ambacho sakafu yake ni nzima.

Basi kwanza ijulikane kilichochakaa ni kipi. Simama nje, mlango ukiwa wazi, ushike egemeo kwa juu kwa mikono miwili na ulitikise mbele na nyuma huku mwenzako akimulika chini kwa tochi. Egemeo likicheza peke yake na sehemu ya kukalia imetulia, ubovu uko kwenye bawaba ya kulalia. Kiti kizima kikicheza juu ya reli, meno ya kufungia reli yamelika. Reli zenyewe zikipanda na kushuka pamoja na bati, jibu umelipata, na kiti hicho kisikaliwe tena mpaka sakafu itengenezwe. Halafu pitisha kiganja chini ya kiti. Mkono ukitoka na unga wa njano, sponji imeoza. Ukitoka na magamba mekundu, fremu au springi zimeanza kuliwa. Ukigusa waya unaoning'inia, springi imechomoka kwenye ndoano yake, na hilo ni jambo dogo linalorekebishwa kwa koleo.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, tafuta maji yanaingilia wapi, kwani sakafu haiozi bila sababu. Njia za kawaida ni mpira wa kioo cha mbele, hasa kwenye pembe za chini. Mipira ya milango iliyokauka. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango ambavyo vimezibwa na tope. Na vizibo vya mpira vya sakafuni vilivyopotea zamani. Funua kapeti, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje kwa kopo, polepole, akianza chini na kupanda juu kidogo kidogo. Ukianza kumwaga kutoka juu, kila mahali patalowa kwa pamoja na hutajua ufa uko wapi. Kazi hii ifanywe na imalizwe kabla ya masika, kwa sababu gari lililofungwa viti vipya huku mpira wa kioo ukivuja litarudi kwa fundi baada ya mvua chache tu.

Kufungua viti si kazi ngumu, ila inataka subira. Toa kichwa cha hasi cha betri. Hilux nyingi za zamani hazina waya kwenye kiti, au zina mmoja tu wa kitambulishi cha mkanda, lakini ikiwa pikapu yako ni ya karibuni na ukaona chini ya kiti plagi ya rangi ya njano, hiyo ni ya mfuko wa hewa. Usiiguse kabla ya kutoa betri na kusubiri angalau sekunde 90, kama Toyota wanavyoelekeza. Kila kiti hushikwa na bolti nne. Kisukume nyuma upate mbili za mbele, kisha kivute mbele upate mbili za nyuma. Bolti hizo kwa kawaida huchukua spana namba 14, na baadhi namba 12. Tumia boksi spana ya pembe sita, kwa kuwa ya pembe kumi na mbili huteleza juu ya kichwa kilicholika na kukiviringa kabisa.

Kinachovunja bolti nyingi ni upande wa chini usioonekana. Ncha ya bolti hutokeza chini ya sakafu, ikakaa kwenye tope na maji ya chumvi miaka yote, na unapoifungua unaivuta kutu hiyo yote ipite ndani ya nati. Kwa hiyo ingia chini ya gari kwanza, sugua ncha hizo kwa brashi ya waya, zipulize dawa ya kutu, na uziache zilale usiku mmoja. Ikikosekana dawa, dizeli iliyochanganywa na oili kidogo husaidia. Siku ya pili, bolti ikianza kuachia, usiizungushe moja kwa moja hadi mwisho: fungua nusu mzunguko, rudisha robo, ongeza dawa, endelea. Ukihisi spana inakwenda laini bila mlio, kama inayopinda, simama, maana bolti iko karibu kukatika. Nati ya chini, ambayo huwa imechomelewa kwenye bati, ikiachia na kuanza kuzunguka pamoja na bolti, mtu aishike kutoka chini kwa spana. Isiposhikika, bolti ikatwe, na nati mpya ichomelewe baadaye. Kiti kitolewe na watu wawili, kwani reli zina kona kali zinazochana mikono na mipira ya mlango.

Sasa sakafu iko wazi. Ondoa kapeti na matambara ya kuzuia kelele, ambayo hunyonya maji na kuyaweka juu ya bati kwa wiki nzima. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kwa sauti kali, lililooza hujibu kwa sauti butu, na ncha ya bisibisi ikilitoboa kwa kusukuma kwa mkono tu, halina kazi tena. Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya waya na msasa, ikafuatiwa na rangi ya kuzuia kutu. Palipotoboka pakatwe hadi bati safi na kuchomelewa kiraka cha chuma. Putii na gundi za kuziba matundu zinaweza kuzuia maji, lakini hazishiki kiti wakati gari linapofunga breki ghafla, na fundi anayekushauri hivyo karibu na tundu la bolti asisikilizwe. Pale bolti zinapopita, pawekwe chini bamba la chuma la milimita 3, lenye upana usiopungua kiganja, ili nguvu ienee na isibaki kwenye tundu moja la bati jembamba.

Kuchomelea ndani ya kebini kuna hatari zake. Mabomba ya mafuta na ya breki hupita chini pembezoni mwa chesisi, na lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni hushika moto upesi. Betri iwe imetolewa, mabomba yaangaliwe na kukingwa, lami ikwanguliwe kandokando ya kiraka, na mtu asimame na ndoo ya maji na mchanga muda wote. Kazi ikishapoa, rangi ipakwe pande zote mbili. Mafundi wengi hupaka ndani, mwenye gari akaridhika, huku mshono wa chini umeachwa mtupu, na huko chini ndiko maji ya chumvi yanakorudi kwanza.

Kuhusu kiti chenyewe, kama fremu na reli ni nzima, mimi ninapendelea kukitengeneza kuliko kukibadilisha. Mafundi makochi wa Mwanakwerekwe na wa Chake Chake wana cherehani za kushona reksini nene, na kiti cha asili kina uzuri mmoja usionunulika: matundu yake yanaoana na gari. Mpe fundi kava la zamani hata kama ni matambara, alifumue na kulikatia kipimo. Juu ya springi kiwekwe kwanza kipande cha gunia zito au feliti, kwa sababu sponji ikikaa moja kwa moja juu ya waya hukatwa taratibu, na kazi yako yote huishia kwenye unga wa njano. Gunia la karafuu lililo kavu na zima linatosha kabisa. Sponji ya godoro la kulalia ni laini mno. Ndani ya muda mfupi dereva atakuwa amekalia springi. Taka sponji ngumu ya viti, au ile ya mabaki iliyoshindiliwa, na juu yake tabaka jembamba la laini. Upande wa mlango uongezewe ugumu, maana ndio unaoumia.

Kwa gari la samaki au la mwani, reksini haina mpinzani, kwa kuwa hufutwa kwa kitambaa na maji hayapiti. Kwa gari linalobeba mizigo mikavu na kusafiri mbali, tuseme kutoka Mkoani hadi Konde wakati wa jua kali, kitambaa kizito humstahi mgongo wa dereva, kwani reksini iliyochomwa na jua huunguza mapaja.

Fremu ikiwa imevunjika au meno ya reli yamekwisha, tafuta kiti kilichotumika cha gari la aina hiyo hiyo na toleo hilo hilo. Hilux iliyotoka 1988 si sawa na iliyoitangulia, kwa hiyo nenda na vipimo vyako: kata boksi gumu kwa umbo la sakafu, toboa matundu manne juu yake, na ulilaze chini ya kiti unachotaka kununua kabla ya kutoa fedha. Angalia pia mkono wa kulaza egemeo uko upande gani, kwa sababu kiti cha dereva kilichotoka kwenye gari la usukani wa kushoto kitauweka mkono huo upande usiofaa kwetu. Katika pikapu ya kebini moja, hakikisha egemeo linalala mbele, maana jeki na vifaa huwekwa nyuma yake.

Kiti cha gari la aina nyingine kinaweza kuingia, lakini usitoboe sakafu ovyo. Tengeneza fremu ya chuma cha pembe inayofungwa kwenye matundu ya asili, kisha kiti kifungwe juu ya fremu hiyo kwa bolti zenye alama ya 8.8 kichwani, yaani za chuma kigumu. Kabla ya kuchomelea chochote, kiweke kiti mahali pake, ukae, ukanyage klachi hadi mwisho, uzungushe usukani wote, uingize gia zote, na uhakikishe kichwa hakigusi paa. Wenye kirikuu, yaani vipikapu vidogo kama Suzuki Carry, wakumbuke kwamba injini iko chini ya kiti: kifuniko lazima kiendelee kufunguka, na kinga ya joto irudishwe ilivyokuwa.

Wakati wa kufunga, paka grisi kidogo kwenye reli na uhakikishe reli mbili za kiti ziko kwenye jino moja, vinginevyo kiti kitakaa upogo na kukataa kusogea. Anza bolti zote nne kwa vidole. Sukuma kiti mbele na nyuma mara kadhaa, na kikienda laini ndipo ukaze. Bolti ya milimita 10 kwenye Toyota nyingi hukazwa takriban Nm 37 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na kitabu cha gari lako kikitaja kipimo kingine, kifuate hicho.

Mkanda nao uangaliwe siku hiyo hiyo, kwani bolti zake zimelala kwenye kutu ile ile. Uvute wote nje, ukague kingo zake. Ukiwa umechanika au umekakamaa kwa chumvi, ubadilishwe. Bolti ya mkanda haina uzi wa milimita: kwenye magari mengi ni ya inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, na mtu akilazimisha ya milimita 12 ataiharibu nati iliyomo ndani ya bodi. Kwa hiyo bolti za mkanda zisichanganywe na za kiti.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, pitia bolti zote kwa spana. Kiti cha zamani usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka kipya kimezoea kazi, kwa sababu springi ya kuvutia mkono wa reli, vifuniko vya plastiki na ndoano ndogo za fremu ni vitu ambavyo dukani havipatikani kwa urahisi, na kwa kawaida huhitajika ghafla.