Kumtunza nyumbani mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana aliye kwenye kemo

Saratani ya utumbo mpana ikishafika kwenye ini au mapafu huitwa hatua ya nne. Kwa wengi, kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, haiiondoi kabisa. Huipunguza kasi na kumwongezea mgonjwa muda. Bila dawa, nusu ya wagonjwa walikuwa wakifariki ndani ya miezi sita hivi. Dawa ya kemo iitwayo fluorourasili, ikiwa peke yake, iliufikisha muda huo karibu mwaka mmoja. Zilipokuja dawa za irinotekani na oksaliplatini ukafika miezi 20 hivi, na katika baadhi ya majaribio yaliyoongeza dawa za kingamwili kama bevasizumabu, karibu miezi 30. Waliopimwa kwenye majaribio hayo ni watu waliokuwa bado na nguvu, na nusu yao waliishi zaidi ya hapo, kwa hiyo usimhesabie mgonjwa wako miezi. Mwulize daktari mapema kama uvimbe wa kwenye ini unaweza kukatwa, maana wachache wanaofaa upasuaji huo ndio wenye nafasi kubwa ya kufika miaka mitano.

Anayeishi mbali na Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, mara nyingi hufaidika na mpango wa siku 21: oksaliplatini ya dripu siku ya kwanza, vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha mapumziko siku 7. Vidonge vimezwe na maji ndani ya nusu saa baada ya kula, bila kuvunjwa wala kusagwa. Akisahau dozi, asiifidie kwa kumeza mara mbili. Na msimnunulie vidonge vya kuongeza damu bila kumwuliza daktari: vingi vina asidi ya foliki, ambayo huzidisha sumu ya kapesitabini.

Jambo linaloua haraka ni homa. Huku kanda ya ziwa mtu akichemka mwili, wazo la kwanza ni malaria, ananunuliwa mseto, analala akisubiri nafuu. Kwa mgonjwa wa kemo usiku huo unaweza kuwa wa mwisho. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka sana, na bakteria huenea mwilini kwa saa chache. Nunueni kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kama joto halijapanda, aende hospitali saa hiyohiyo. Panadoli kabla ya kupima huficha homa. Apimwe malaria, sawa, lakini kipimo kikionyesha malaria bado anaweza kuwa na maambukizi mengine pamoja nayo, na antibayotiki za mshipani zisisubiri.

Kwa familia za kisiwa cha Ukerewe, ambako usiku si rahisi kupata chombo cha kuvuka, ni heri siku hizo za hatari mgonjwa akae kwa ndugu aliyeko mjini. Ikishindikana, ombeni barua yenye majina ya dawa, tarehe ya dripu na simu ya wodi, mkaionyeshe hospitali ya Nansio.

Oksaliplatini haipatani na baridi. Siku chache baada ya dripu, soda ya friji, maji ya ziwa ya alfajiri au kushika sangara aliyetoka kwenye barafu huleta ganzi kali vidoleni, na koo linaweza kuhisi kama limebana. Mpeni maji ya uvuguvugu, mtulizeni. Lakini vipele au kifua kutoa mluzi anapopumua ni mzio: hospitali mara moja. Ganzi isiyoisha kabla ya dripu inayofuata iripotiwe, dozi ipunguzwe, la sivyo inaweza kubaki moja kwa moja.

Akiharisha mara nne au zaidi ya kawaida yake kwa siku, akipata vidonda mdomoni vinavyomzuia kula, au viganja na nyayo zikichubuka na kuuma, asimamishe kapesitabini na mpige simu wodini. Maumivu ya kifua, vivyo hivyo, na safari ianze papo hapo. Anayeharisha anywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi.

Kwa saa 48 baada ya dripu, anayemsaidia chooni au kufua avae glovu. Nguo zenye matapishi au mkojo zifuliwe peke yake kwenye beseni, si ziwani, na maji yake yamwagwe chooni.